Koti Moja la Wauguzi Watano

Nchi hiyo usiitafute kwenye ramani. Wachora ramani waliisahau, na wenyeji wake wanasema afadhali. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na ina Mlezi Mkuu ambaye ameilea kwa miaka hamsini na minane bila kuomba likizo hata siku moja, ingawa wananchi wamekuwa wakimwombea hiyo likizo kimoyomoyo.

Ndani ya nchi hiyo upo mji mdogo uitwao Changaraweni, ambako mlima mzima umeliwa kwa nyundo. Na ndani ya mji huo yupo Kidawa binti Msellem, mpiga picha, mjane, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Studio yake ni chumba cha mbele cha nyumba yake: kiti kimoja, pazia lililochorwa bustani ya waridi na ngazi inayopanda kwenda kusikojulikana, na misumari miwili ukutani. Msumari wa kwanza umetundikwa koti jeusi na tai. Wa pili umetundikwa koti jeupe alilolipata kwenye marobota ya mitumba, lenye alama ya kuungua pasi juu ya mfuko. Mteja akija na shati la vumbi huvalishwa koti, hubanwa kwa nyuma na vibanio vya nguo likimpwaya, hupigwa picha kuanzia kifuani kwenda juu, kisha huvua na kumwachia anayefuata. Nusu ya mji ina koti lile lile kwenye vitambulisho, na serikali haijawahi kushangaa.

Serikali ya huko haishangai, kwa sababu ina Sheria ya Picha. Mlezi Mkuu alipigwa picha yake rasmi mwaka wa kwanza wa ulezi, nywele nyeusi, shingo imenyooka, ikatundikwa kwenye kila ukuta nchini, hata kuta ambazo hazikuwa na nyumba. Miaka ikapita. Picha haikuzeeka, aliyezeeka ni yeye. Watu wakaanza kunong'ona sokoni kwamba huyu anayehutubia siye yule wa ukutani. Bunge likakutana kwa dharura, likapitisha sheria ya kifungu kimoja: pale mtu anapotofautiana na picha, picha ndiyo sahihi, na kuipinga ni uhaini.

Sheria hiyo ilileta utulivu wa ajabu. Mwalimu aliyefuga ndevu baada ya kupigwa picha ya kitambulisho alinyolewa na askari wawili, kwa adabu kabisa. Mama mmoja aliyenenepa alipewa siku tisini. Karani mmoja alipofariki, kwenye picha alionekana mzima wa afya, kwa hiyo aliandikiwa barua ya onyo kwa utoro kazini.

*

Sasa, kulikuwa na wahandisi wa Kichina waliopita Changaraweni wakijenga barabara. Walipoondoka waliacha gazeti la picha, na Mwanahija, muuza kashata, akalichukua ili afungie kashata zake. Kidawa aliponunua mbili akakuta zimefungiwa ndani ya mtu.

Alikuwa mpishi wa Kichina, amepigwa picha mara mbili kwenye ukurasa mmoja. Kushoto yuko jikoni, jasho linamtiririka, sufuria kubwa mkononi. Kulia ni mtu yule yule, kasimama jukwaani kavaa suti ya kung'aa, mikono ameitandaza, anaimba. Kwenye ukurasa wa pili kulikuwa na mama mfagia barabara na ufagio wake, na pembeni yake mama yule yule ndani ya vazi la mwanaanga. Maandishi Kidawa hakuyajua. Lakini alimwelewa yule mpishi kuliko alivyowahi kuyaelewa magazeti ya kwao, ambayo aliweza kuyasoma.

"Shoga," akamwambia Mwanahija siku ile ile, "hebu acha sinia lako hapo uingie ndani. Moyoni mwako, wewe ni nani?"

"Mimi? Si muuza kashata?"

"Huyo ni wa sokoni. Nakuuliza wa moyoni."

Mwanahija akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nesi," akasema. "Tangu mtoto. Wa kushika watu mikono wakiumwa."

Kidawa akampiga ya kwanza na sinia kichwani. Ya pili akamvalisha koti jeupe. Kabla ya kufyatua akamwona shoga yake, mwanamke wa kelele asiyenyamaza hata msibani, kasimama kimya, machozi yakimlengalenga. Kidawa naye ikambidi afute kioo cha kamera, kumbe kioo ni kisafi, jicho ndilo lenye maji.

Habari zikaenea. Wakaja watu thelathini na mmoja. Waliokuja kusema "nesi" walifika watano, kwa maana Changaraweni ina mawe mengi na wagonjwa wengi. Mzee Ngwali, mponda kokoto wa miaka sabini, alikuja na nyundo yake begani.

"Mimi, mwanangu, daktari wa meno."

"Meno, baba? Kwa nini meno?"

"Jiwe nikilitazama tu najua litapasukia wapi. Nimekuwa nikifikiri miaka yote, ufundi huu ungemfaa mtu."

Kidawa akazipanga picha zile mbili mbili kwenye ukuta wa kibaraza chake. Juu ya safu ya kushoto akaandika KILA SIKU. Juu ya safu ya kulia akaandika MOYONI. Jioni watu walikuja kujitazama, na wengine walivaa vizuri kwa ajili hiyo.

*

Siku ya nne akaja Bwana Ramia, Afisa Taswira wa Wilaya, mtu mwenye tumbo la cheo na kalamu tatu mfukoni. Alitazama safu ya kulia kwa muda mrefu, akilamba midomo. Safu ya kushoto hakuitazama. Akatoa daftari.

"Wauguzi watano," akasoma kwa sauti. "Madaktari wawili. Daktari wa meno mmoja. Mahakimu watatu. Rubani! Bi Kidawa, tumekuwa na rubani hapa na hakuna aliyenijulisha?"

"Huyo ni Shaame, Bwana Afisa. Anachunga mbuzi wa watu."

"Unapinga picha?" Bwana Ramia aliuliza kwa upole, kama mtu anayemwonya jirani kwamba kamba ya kuanikia imelegea.

Wiki mbili baadaye redio ikatangaza kwamba wilaya ya Changaraweni imevuka malengo ya maendeleo ya miaka ishirini ijayo, na inaongoza nchi nzima kwa wauguzi kwa kila mtaa. Mlezi Mkuu mwenyewe angekuja kukagua mafanikio. Watu walipiga makofi, kama inavyopasa mtu anapoisikiliza redio akiwa mbele za watu.

Kesho yake likaja gari kumchukua Nesi Tunu.

Tunu ndiye aliyekuwa nesi peke yake wa zahanati ya Changaraweni, nesi wa kweli, mwenye cheti na sauti ya kufokea. Barua ilisema anahamishiwa makao makuu kwa kuwa wauguzi wamekithiri wilayani na huko mjini kuna upungufu. Alikuwa anapima presha ya Zawena, binti wa pekee wa Kidawa, mjamzito wa miezi minane, miguu imevimba hata viatu havimwingii. Mimba ya kwanza ya Zawena iliharibika kwa kukosa mtu wa kujua nini kifanyike. Hii ya pili Tunu alikuwa ameishika mkononi mwake tangu mwanzo, kila Jumatatu.

"Huyu asizalie nyumbani," Tunu alimwambia Kidawa akipanda gari. "Umenisikia, mama? Presha yake si ya kuchezea. Asizalie nyumbani!"

"Zahanati ina nani sasa, Sista?"

"Kwa mujibu wa barua," Tunu akasema, "ina wauguzi watano."

*

Kidawa alikwenda ofisini kwa Bwana Ramia asubuhi hiyo hiyo, bila kufunga studio.

"Zile ni ndoto, Bwana Afisa. Watu wamevaa koti langu. Koti moja! Tazama mfuko, wote wana alama ya pasi."

"Nimeiona," Bwana Ramia akasema. "Nimeandika kwenye ripoti kuwa ni nembo ya taaluma."

"Basi nazitoa ukutani leo hii."

"Kutoa picha ya muuguzi ni kumfukuza muuguzi kazi. Una mamlaka hayo?"

"Mwanangu atafia mkononi mwangu."

Bwana Ramia akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu. "Bi Kidawa, nisikilize. Ukitaka nikusaidie, nenda kabadilishe maandishi. Kushoto andika ZAMANI. Kulia andika LEO. Uniandikie na barua kuwa zile za kushoto zimepigwa miaka sitini iliyopita, zama za giza. Ukifanya hivyo, nitamwombea binti yako nafasi hospitali ya mkoa, kama familia ya msanii wa taifa."

"Na binti wa Mwanahija? Na wake za hao wengine?"

"Hao wana wauguzi watano."

Kidawa alimtazama. Alikuwa na woga, tusimsingizie ushujaa. Akilini alimwona Zawena akiwa kwenye gari la kwenda mkoani, salama, amelazwa kwenye shuka nyeupe. Kalamu ilikuwa pale pale mezani. Akakumbuka machozi ya Mwanahija ndani ya lile koti, na hasira zikampanda hadi kwenye masikio.

"Siandiki," akasema. "Sinia la Mwanahija si la zamani. Liko sokoni sasa hivi, na kashata ziko juu yake. Mimi napiga picha za vitu vilivyopo."

"Basi nitapeleka wachoraji wangu wakuandikie."

"Walete. Nitafuta. Wakiandika tena nitafuta tena. Chaki ninazo nyingi."

Na ndivyo ilivyokuwa siku sita mfululizo. Mchana wachoraji wa wilaya waliandika LEO, na walipogeuza migongo tu Kidawa alifuta akaandika MOYONI. Siku ya sita wachoraji walimwomba wawe wanaandika wao wenyewe MOYONI, ili wawahi kwenda nyumbani.

*

Siku ya ugeni ikafika. Bwana Ramia aliamuru wote thelathini na mmoja wapangwe mstari mbele ya kibaraza, kila mtu chini ya picha yake, kavaa kama alivyovaa kwenye picha. Saa mbili asubuhi akagundua jambo ambalo ripoti haikuwa imelitaja: waliohitaji koti jeupe walikuwa wanane, na koti lilikuwa moja.

Lakini afisa mwenye uzoefu hashindwi. Akaamuru koti litembee. Mlezi Mkuu akisalimiana na wa kwanza, wa kwanza atalivua kwa nyuma na kulipitisha migongoni kwa anayefuata, na picha zikapangwa upya ili wanane hao waachane kwa nafasi ya kutosha mtu kufunga vifungo.

Mlezi Mkuu akashuka garini. Alikuwa mzee mdogo, shingo imezama mabegani, anatembea akipima kila hatua. Kabla ya yote akakaribishwa kwa kashata, maana itifaki inasema Mlezi Mkuu hung'ata kila anachopewa na wananchi, na kung'ata huko hutangazwa redioni. Kashata hizo alipika Mwanahija. Kama alizidisha sukari kwenye moto hadi zikawa jiwe, hakuna ushahidi, na wapishi wote watakwambia kuwa kashata ina siku zake.

Mlezi Mkuu akang'ata. Vipaza sauti, vilivyokuwa vimewekwa karibu ili taifa lisikie, vikasikizisha taifa zima sauti ya kitu kukatika.

"Mmmh!" akasema Mlezi Mkuu. Akashika shavu. Akayumba, walinzi wakamdaka. "Jino! Jino langu! Daktari!"

Bwana Ramia alingojea miaka yake yote ya utumishi apate nafasi kama hiyo. Uso ukamng'aa. "Mheshimiwa, usihofu! Umeumia mahali penye bahati. Tunaye daktari wa meno. Picha namba tisa!"

Koti likakimbia migongoni. Mzee Ngwali akalivaa, akafunga vifungo polepole, akapiga hatua moja mbele. Nyundo ilikuwa mkononi, kwa sababu alikuwa ametoka kazini.

"Fungua kinywa, Mheshimiwa," akasema kwa sauti ya huruma. "Nitazame tu. Nikilitazama nitajua litapasukia wapi."

Mlezi Mkuu aliitazama nyundo. Akatazama ile mikono yenye nyufa. "Huyu si daktari!" akalia. "Mwondoeni! Huyu ni mponda mawe!"

Vipaza sauti vilikuwa bado wazi. Bwana Ramia alibaki mdomo wazi, kalamu hewani, maana aliyepinga picha mbele ya taifa zima alikuwa mwenye picha.

Kidawa alikuwa kasimama na kamera shingoni, kama alivyoamriwa. Akamwona Zawena kwenye kiti kivulini, uso umevimba, mkono juu ya tumbo. Akatoka mbele.

"Samahani, Mheshimiwa," akasema. "Unapinga picha?"

Mlinzi mmoja akasogea. Mlezi Mkuu akamwashiria asimame, kwa kuwa kila kelele ilimpiga kwenye jino.

"Picha ile..." Mlezi Mkuu akameza mate kwa uchungu. "Picha ile ni ndoto."

"Ya nani?"

"Yake. Ndoto yake, huyu mzee!"

"Ni kweli," Mzee Ngwali akasema. Alikuwa ameinamisha kichwa, kisha akakiinua. "Na ningeifikia. Nilifika darasa la nne, Mheshimiwa. Wakaifunga shule, wakaifanya ghala la picha zako. Zipo mpaka leo. Zimejaa mpaka darini."

Hakuna aliyepiga makofi. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile watu walisikia neno wakalitafakari.

"Na wauguzi watano je?" Kidawa akauliza. "Mwanahija huyu hapa. Unamtaka akutazame? Ana moyo mzuri."

"Ndoto!" Mlezi Mkuu alifoka, akashika shavu. "Ndoto, ndoto zote! Hapa hamna muuguzi hata mmoja! Mji gani huu usio na muuguzi? Nani kamwondoa?"

Watu mia tano wakamgeukia Bwana Ramia. Bwana Ramia akamgeukia msaidizi wake. Msaidizi akageuka akakuta ukuta.

"Anaitwa Tunu," Kidawa akasema. "Yuko makao makuu, mlimpeleka ninyi. Ana koleo la meno na ana kipimo cha presha. Gari lako lina mbio, Mheshimiwa."

"Mleteni," akasema Mlezi Mkuu. "Na abaki huku! Andikeni!"

Wakaandika. Kidawa akasoma kila neno, akaomba muhuri, ukapigwa.

*

Gari lilirudi saa nane mchana. Nesi Tunu alishuka akiwa anafoka tangu njiani, akaingia zahanati, akafungua madirisha, akanawa mikono hadi kwenye viwiko. Nje, kwenye benchi refu la kungojea, watu walikuwa wamekwisha kujaa. Maana habari kuwa Tunu anarudi ilifika kabla ya gari. Mlezi Mkuu, ambaye alichelewa kwa sababu ya kubebwa, alipata nafasi karibu na mwisho, kati ya mama mwenye mtoto wa kuharisha na Shaame aliyepigwa teke na mbuzi.

"Sista," msaidizi wa Mlezi Mkuu akanong'ona mlangoni, "mgonjwa wetu ni mtu mkubwa."

"Hapa wajawazito kwanza, halafu watoto, halafu foleni," Tunu akasema. "Zawena! Ingia mwanangu. Nitakupima mara mbili, na leo hutoki humu. Kitanda chako hicho."

Zawena akainuka, akishikwa mkono na Mwanahija. Mlango ukafungwa nyuma yao. Kidawa alisimama akiutazama mlango ule kwa muda, akasikia sauti ya Tunu ikimkaripia binti yake kwa kula chumvi, na hapo ndipo pumzi aliyoibana tangu gari lilipomchukua Tunu ikamtoka yote.

Kisha akageuka. Kwenye benchi alikuwa amekaa mzee mdogo, shavu limevimba, leso ya mtu mwingine imefungwa kidevuni hadi utosini, viatu vya kung'aa havigusi vizuri chini. Alikuwa anaumwa, anaogopa, anangoja zamu yake. Kidawa alikuwa na picha ya mtu huyu nyumbani, kama kila mtu. Ya pili hakuwa nayo. Akainua kamera.

"Usinipige," Mlezi Mkuu akasema.

"Ya kwanza tunayo, Mheshimiwa. Hii ni ya kila siku."

"Nimesema usinipige!" Na akainuka ili amzuie, mkono umenyooshwa, na walinzi wawili wakatoka ukutani.

Lakini mama mwenye mtoto alikuwa amelea wanne kwenye benchi lile na aliijua sheria yake, ambayo haikupitishwa na bunge lolote. Alipoona nafasi imeachwa wazi, akasogea, akamsogeza na mtoto, na Shaame naye akasogea kutoka upande wa pili.

"Anayesimama amepoteza nafasi," mama akasema bila kumtazama. "Nenda kaanze nyuma."

"Huyo ni Mlezi Mkuu!" msaidizi akapaza sauti.

"Nimesikia. Na mimi nimekaa hapa tangu saa nne."

Benchi zima likamtazama Mlezi Mkuu. Watu ishirini na wawili, wenye homa, wenye vidonda, wenye watoto, na hakuna aliyeinamisha macho. Walinzi walingoja amri. Amri haikuja. Jino lilimpiga tena, akafumba macho, na alipoyafumbua alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna kipaza sauti kingeweza kuinasa:

"Nisogezeeni kidogo."

Wakamsogezea kidogo, upana wa mtu mmoja. Akaketi, magoti pamoja, akatazama mbele kama walivyokuwa wakitazama wengine. Kidawa akafyatua.